Mtu Tuliyemwombea Kila Jioni

Nyumbani kwetu Bunia hakuna anayelala bila maombi ya jioni. Tukimaliza kula tulisogeza masufuria kando, na Mama Rebeka, mama mkwe wangu, akaanza kumtajia Mungu watu wake mmoja mmoja, kuanzia wagonjwa mpaka walio safarini. Mwisho kabisa alimtaja mwanawe Dieudonné, mume wangu: Bwana amlinde huko aliko, amrudishe salama. Sisi wengine tuliitikia amina. Tuliitikia hivyo kwa muda wa miaka miwili. Dieudonné alikuwa amekwenda Mongbwalu kuchimba dhahabu, kwa sababu vita viliwamaliza ng'ombe wote wa baba yake, na yeye alitaka kuanza upya hata kwa ndama mmoja. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha ikaja habari kwamba mvua imeangusha mashimo kadhaa huko na watu wamefukiwa, na tangu wiki ile simu yake haikuita tena.

Tulituma watu wakaulize. Wafanyabiashara wa mtaani kwetu waliokwenda huko walizunguka kwenye machimbo wakimtafuta Dieudonné wa Bunia, na wote walirudi na jibu moja: mtu wa jina hilo hajulikani. Jibu hilo ndilo lililotupa matumaini. Kama hawamjui, basi hakuwa kwenye mashimo yale, na kama hakuwa kwenye mashimo yale, yuko hai mahali fulani, labda amepoteza simu, labda anaona haya kurudi mikono mitupu.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, hakuyakubali mambo hayo. Alisema wazee wa ukoo walijua la kufanya mtu akipotea bila mwili kuonekana: unakatwa mgomba, unazikwa mahali pake, watu wanalia, wananyoa nywele, na waliobaki wanaishi. Mama Rebeka alimjibu kwamba kumzika mtoto aliye hai ni kumwua, na mgomba wake asiuguse. Mchungaji akasimama katikati yao na kusema tuzidi kuomba. Katika kanisa letu hatuwaombei waliokufa, kwa hiyo kila jioni jina lile lilipotajwa ilikuwa sawa na kusema kwamba anapumua. Na mimi? Sikuwa mke na sikuwa mjane. Siku wanawake wa kanisa walipokutana, wajane walikaa kwa makundi yao na wenye waume kwa makundi yao, nami nilikaa karibu na mlango kama mtu anayengoja mvua ipungue.

Uongozi wa Mungu tuliutafuta kila mahali. Nabii mmoja mwanamke alimwona Dieudonné akivuka maji, akasema yuko upande wa Uganda. Mwingine alimwona amevaa nguo nyeupe, na hiyo kila mtu aliifasiri alivyopenda. Mimi mwenyewe, siku moja nikiwa peke yangu, nilifumba macho, nikafungua Biblia na kuweka kidole ili Mungu anionyeshe. Kidole kiliangukia orodha ya watu waliozaa watu. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kuuza samaki wangu wakavu sokoni, maana samaki hawangojei ishara.

Kisha Mama Rebeka akafunga. Alijifungia chumbani na maji yake ya kunywa, na ukipita mlangoni ulimsikia akinong'ona kama mtu anayebishana na jirani kwa heshima. Alipotoka alikuwa amekonda usoni. Aliomba uji, akaunywa taratibu, kisha akaniambia nitafute pikipiki mbili za kutupeleka Mongbwalu. Nilimwuliza Mungu amemwambia nini.

"Ameniambia tuende," alisema. "Ile tutakuta kule, hakuniambia."

Ijumaa alfajiri tuliondoka. Binti yangu Gloire, aliyekuwa na umri wa miaka sita, nilimwacha kwa dada yangu. Mama Rebeka, mwenye miguu inayovimba na miaka mingi ya jembe mgongoni, alivaa suruali ya mwanawe chini ya kikwembe, akapanda pikipiki kana kwamba ndiyo kazi yake tangu ujana. Baba mdogo alikuja kutuaga. Alisema hajapata kusikia Mungu anayehitaji mtu apande pikipiki ndipo amjibu, lakini aliutia mkononi mwangu mfuko wa ndizi za kuchoma, na nilimwona akifuta jicho.

Mpaka Iga Barrière njia ilikuwa nzuri kiasi. Ukungu ulikuwa umelalia vilima, na wanawake walishuka na mizigo ya sombe, yale majani ya mihogo, kwenda soko la mjini. Tulipumzika hapo, tukanywa chai. Baada ya hapo vijiji vilianza kuwa kuta tu bila mapaa, na ndani ya kuta majani marefu kuliko mtu. Mahali pengine mtu alikuwa amerudi na kuweka turubai juu ya nyumba yake ya zamani, na mihogo imeanikwa mbele kama zamani. Mama Rebeka alivitaja vijiji kwa majina, na nyumba kwa majina ya wenyewe, mpaka tukapita mahali ambapo hakutaja kitu. Nilijua ni pale baba mkwe alipokuwa na zizi.

Njiani kulikuwa na vizuizi vya kamba, na kila kimoja kina vijana wenye bunduki na macho ya usingizi. Mama Rebeka aliomba kwa sauti kwenye kila kizuizi, macho wazi, akiwabariki vijana hao na mama zao waliowazaa. Walituachia haraka, sijui kwa imani au kwa kuchoshwa. Mwenye pikipiki yangu alisema kwamba kwa mama wa namna hii hahitaji breki. Nilicheka sana, na nakumbuka kicheko hicho kwa sababu njia yote iliyobaki sikucheka tena.

Mchana mvua ilitukuta mlimani. Udongo mwekundu ukawa utelezi, na tukateremka kutembea huku wenye pikipiki wakisukuma. Mama Rebeka aliketi kwenye gogo kando ya njia, matope mpaka magotini. Nilidhani ni miguu. Nilimwambia tutapumzika kadiri atakavyo. Alitazama maji yakishuka kwenye mtaro.

"Mama Gloire," aliniita kwa jina la mtoto wangu, kama siku zote, "niko naogopa Mungu atanijibu."

Miaka ile yote nilikuwa nikifikiri kwamba mimi ndiye mwenye imani haba na yeye ndiye mwamba. Niliketi karibu naye kwenye gogo, tukalowa pamoja, na mvua ilipopungua alinishika bega akasimama.

Jioni tuliingia Mongbwalu. Ni mji wa matope na muziki, maduka yamejaa majembe, tochi na sabuni, na wanaume wenye vumbi la mawe kwenye nyusi. Mchungaji wetu alikuwa ametuelekeza kwa Mama Esta, mwanamke wa Butembo aliyehamia huko zamani na kuuza nguo. Alitupokea bila maswali. Alimchemshia Mama Rebeka maji ya chumvi ya kutia miguu, akatupa bugali na sombe, kisha akatuonyesha kitanda chake mwenyewe na yeye akalala kwenye mkeka dukani. Tulipotaka kukataa alituambia kwamba kwake mgeni halali chini.

Jumamosi tulikwenda kwenye machimbo. Mlima mzima umetobolewa, na kwenye kila tundu kuna miti iliyofungwa kwa kamba na watu wanaopanda na kushuka na viroba vya mawe. Tulipelekwa kwa mwenye mashimo ya upande ulioporomoka, ambaye wachimbaji wanamwita PDG kama mkurugenzi wa kampuni, ingawa alivaa kandambili. Alitusikiliza vizuri. Aliwaita wasimamizi wake, akawauliza mbele yetu kama wanamkumbuka Dieudonné wa Bunia. Walitazamana, wakatikisa vichwa. Hawakumjua kabisa.

Mama Rebeka alitoka pale mwepesi. Njia yote ya kurudi mjini alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na sokoni alisimama kumnunulia Gloire kitambaa cha nywele. Nami nilianza kufikiria Uganda, na jinsi nitakavyomgombeza mume wangu atakapofungua mlango, kwanza kwa maneno na baadaye kwa kumnyima chakula. Sijapata kuwa na furaha ya ujinga kama ile.

Jioni ile Mama Esta alituuliza siku ilikuwaje. Mama Rebeka alimsimulia yote, kwamba Bwana asifiwe, mwanawe hajulikani pale. Mama Esta alikuwa anachambua maharagwe. Mikono yake ilisimama. Aliuliza tulimtaja kwa jina gani, na tulipomjibu alitikisa kichwa polepole.

"Kwa mashimo batu habaitwake majina yao ya ubatizo, mama," alisema. "Kila mutu iko na jina ya kazi. Bwana yangu alifanya kazi na mutu moja miaka tatu, jina yake ya kweli alisikia siku ya kilio. Muko na foto?"

Picha nilikuwa nayo kwenye simu, ila mchana hatukuwaza kuionyesha, tuliamini jina linatosha. Mama Esta hakumtambua, lakini alisema kesho ni siku ya Mungu, na wachimbaji wa kanisa wana chumba chao cha ibada huko juu, twende nao. Mama Rebeka alisogea akachambua maharagwe pamoja na mwenyeji wake, na kitambaa cha Gloire kilikuwa bado kwenye mfuko magotini pake.

Jumapili asubuhi tulipanda tena. Kanisa lilikuwa la mbao na maturubai, viti ni magogo, na kwaya ilikuwa ya wanaume peke yao wenye sauti nzito. Mzee wa kanisa, Mzee Samueli, alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu. Ibada ilipokwisha nilimpa simu. Aliitazama picha, akavua kofia, akawaita wanakwaya.

"Kuyeni muone," aliwaambia. "Ni Mufugaji."

Walikuja wakasimama nyuma yake, wakaipokezana ile simu kwa mikono miwili. Mmoja alikaa chini. Mzee Samueli alituketisha kwenye gogo la mbele, na yeye akapiga magoti chini ili asiwe juu ya Mama Rebeka anapomwambia. Alisema walimwita Mufugaji kwa sababu kila jioni aliwasimulia ng'ombe: rangi zao, pembe zao, yupi alikuwa mkorofi. Aliimba sauti ya chini kabisa. Asubuhi ya lile poromoko alikuwa shimoni na wenzake. Walichimba kuwatafuta mpaka udongo ukaanguka mara ya pili na kukaribia kuwazika waliokuwa wakichimba, ndipo wakazuiwa. Walipotaka kupeleka habari hawakujua wapeleke wapi. Walijua tu kwamba Mufugaji ni wa Bunia, na simu yake ilikuwa pamoja naye chini.

Mimi nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea. Nilisema sura zinafanana, huenda ni mwingine. Mzee Samueli hakubishana nami. Alisema kila Jumapili watu walipotoa mahitaji ya kuombewa, Mufugaji alisimama na maneno yaleyale: miguu ya mama yake iliyovimba, na kifua cha binti yake Gloire aliyekuwa akikohoa.

"Tuko tunabaombeaka mpaka leo," alisema. "Familia ya Mufugaji. Hatukujua muko wapi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa. Gloire alikuwa ameacha kukohoa zamani, hata mimi nilikuwa nimesahau kile kikohozi, na watu hawa wasionijua walikuwa bado wanakibeba mbele za Mungu. Sisi chini kule tulikuwa tunamwombea yeye, na wao huku juu walikuwa wanatuombea sisi, na yeye alikuwa ardhini muda wote huo. Nilisikia sauti ikitoka kwangu, si kilio hasa, na wanakwaya wakatazama pembeni kwa heshima.

Mama Rebeka alikuwa hajatikisika. Alimtazama Mzee Samueli usoni.

"Mulimulilia?"

"Tulimulilia, mama. Siku tatu. Hakuna mutu alishuka kwa shimo. Tuliimba, tukakula pamoja, tukamuaga."

"Mulimulilia muzuri?"

"Muzuri sana, mama. Kama mutoto ya hapa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kitu mkononi, akaomba aonyeshwe mahali.

Mahali penyewe hapakuwa na kitu. Palikuwa na bonde dogo lililodidimia, maji ya manjano katikati, majani yamekwisha kuota, na mtu wa kambini alikuwa ameanika shati lake kwenye kichaka. Hasira ilinipanda. Nilimwambia Mzee Samueli kwamba tuliomba alindwe. Kila siku iliyokwenda kwa Mungu tuliomba alindwe, hata kabla ya poromoko, nikiwa mimi na mama yake na mtoto mdogo. Nilitaka aniambie maombi yale yalikwenda wapi.

"Sijue, mama," alisema. "Miye pia nilikuwaka naomba vile, kila asubuhi ekipe ya bachimbaji ikishuka. Bengine balipanda, bengine hapana."

Kama angenipa fungu la Biblia nadhani ningemsukuma. Kwa kuwa alisema hajui, niliweza kusimama karibu naye. Mama Rebeka alikuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumsikia akitamka neno. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akaniomba nikishike. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyodhani. Akawaomba wanakwaya waimbe kama walivyoimba siku ile, nao waliimba, na palipokuwa na ile sauti ya chini kabisa hakuna aliyepajaza.

Jumatatu tulirudi. Mama Esta alitufungia mandazi na alikataa kuagana nasi mlangoni, akatembea nasi mpaka mwisho wa mji. Kwenye vizuizi Mama Rebeka hakuomba kwa sauti. Mwenye pikipiki aliniuliza kama mama ni mgonjwa, nikamwambia ana kilio, naye akaendesha polepole siku nzima bila kuambiwa. Tulipopumzika, mama aliniambia kwamba Baba mdogo asikate mgomba. Mtoto wake alishaliliwa, na alililiwa vizuri. Sasa imebaki nyumba yake kulia.

Nilijifunza nini? Wanawake wa kanisa wameniuliza, nami nawajibu bila kupamba. Nilikuwa nadhani uongozi wa Mungu ni kujua mapema. Nilitaka kidole kiangukie neno lenye jina langu. Kumbe tulichopewa ni njia tu, na neno moja la kwenda, na mwishoni jibu ambalo hakuna mama angelichagua. Bado sijui maombi yetu ya miaka ile yalikwenda wapi. Siku nyingine namwuliza Mungu kwa adabu, siku nyingine bila adabu. Naendelea kuomba, na nikiomba namtaja Mzee Samueli na kwaya yake, kwa sababu walinitaja mimi kabla ya kunijua, na kwa sababu kila asubuhi wanashuka tena.

Jioni ile tulipofika, dada yangu alimleta Gloire, tukala, nikasogeza masufuria. Baba mdogo alikuwepo. Alikuwa ameona kichwa cha shemeji yake kikiwa wazi na hakuuliza kitu. Mama Rebeka alifumba macho ili aanze maombi, akayafumbua tena.

"Omba weye," aliniambia.

Niliomba. Niliwataja wagonjwa, nikawataja walio safarini, nikafika mwisho, nikasema amina. Hakuna aliyeitikia. Gloire alifungua macho, akanitazama kwa mshangao wa mtoto aliyemkuta mtu mzima akikosea.

"Mama, umesahau papa."

Mama Rebeka alimvuta mtoto mapajani, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Hakusahau," alisema. "Papa yako alikufa, mutoto yangu."

Ndipo akaachia sauti, sauti aliyoibana miaka miwili, na mimi nikamfuata, na Gloire akalia kwa sababu tunalia. Mtaani kwetu sauti ya namna ile haihitaji mjumbe. Milango ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine, majirani wakaja na mikeka na kuni, wakaketi uani pamoja nasi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyekufa.